Picha ya Kupeleka Nakapanya

Mwaka huo Idi iliangukia katikati ya Kwaresima, na hapo ndipo Hironimus Komba alipopata la kusema. Usidhani bila Kwaresima angelikosa. Hironimus alikuwa katekista, na katekista yule hakosi la kusema hata siku moja. Ila asubuhi hiyo alilipata mapema, chai ya mama Lidwina haijachemka hata kidogo.

"Idi Pili ni sikukuu ya wenyewe," alimwambia Lidwina akiwa amesimama mlangoni, mwavuli kwapani. "Wewe unaenda kutafuta nini huko?"

"Shikamoo, baba mdogo. Naenda kazini."

"Marahaba. Kazi gani ya kufanyia bwaloni, watu wanacheza dansi, na sisi tumo kwenye mfungo?"

Lidwina alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini. Swali hilo alikuwa ameshalijibu mara nyingi tangu chama cha ushirika kilipompunguza kazi ya kupiga taipu. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walinunua cherehani, wengine wakafungua genge. Yeye kiinua mgongo chake alikinunulia kamera ya Yashica na flashi, akaenda kusimama mbele ya bendi. Mji mzima wa Songea ulimcheka, mwanamke gani huyo. Baadaye mji huohuo ukaanza kumtafuta nyumbani kwao Ruhuwiko kuulizia picha zake.

"Ni kazi tu, baba mdogo. Bendi inahamia Mtwara, imepata tajiri mwenye vyombo vipya. Leo ndiyo wanaaga. Wameniomba niwapige picha ya kuweka kwenye kaseti."

"Na yule Myao atakuwepo."

"Ndiye mpiga gitaa wao. Asipokuwepo watapigaje?"

"Usinijibu kwa ujanja." Hironimus aliingia ndani sasa, akaushusha mwavuli sakafuni. "Nasema mbele ya mama yako, asije mtu akasema sikusema. Siku utakayoolewa na Mwislamu, tena mpiga muziki, mimi usinitafute. Marehemu kaka yangu aliacha mtoto mmoja tu katika nyumba hii. Ukienda kwao Tunduru huko, huyu mama unamwachia nani? Mimi? Mimi nina wa kwangu saba."

Mama Lidwina alikuwa ameketi kwenye kigoda anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Ungo ulipanda, ukashuka, pumba zikatoka, na mama hakusema ndiyo wala hapana. Lidwina alimtazama akingoja, kisha akakisoma kimya kile jinsi alivyokisoma siku zote: mama anakubaliana na shemeji yake. Akafunga begi lake la kamera, akaaga, akatoka.

Njiani alijiambia hana haja ya kulia, maana hakuna aliyekufa.

Bwalo lilijaa tangu saa nane mchana. Wanawake walikuwa wamevaa nguo mpya, wengine mitumba ya daraja la kwanza iliyonyooshwa mpaka ikaonekana ya dukani, na mikono imejaa hina. Vumbi hakuna, matope tele mlangoni, kwa sababu masika yalikuwa yamekolea. Bendi yenyewe, Lizaboni Sound, walikuwa jukwaani na mashati yao ya kijani, na watu walicheza kama watu ambao bendi yao kesho haitakuwepo, na kweli kesho haikuwepo.

Kazi ya Lidwina watu waliiona ya raha. Waliona mwanamke anayezunguka mbele ya jukwaa, wanamuziki wanamchekea, flashi inawaka, kila mtu anamwita. Hawakujua kwamba mtu mwenye kamera hashikwi mkono. Miaka mitatu ya madansi, hakuna aliyewahi kumwambia njoo tucheze. Walimwambia tu tupige, tusogelee, hebu rudia, nilifumba macho. Alikuwa anaijua Songea nzima inavyofurahi, na mwenyewe alikuwa anarudi nyumbani na masikio yanayovuma, anakula ugali uliopoa, analala.

Aliyemwona yeye mwenyewe ni Muhsini tu, yule Myao wa gitaa. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba, nyusi nene, na kicheko kilichomtoka kabla ya maneno. Anapopiga solo, wenzake walitazama wachezaji, yeye alimtazama Lidwina. Siyo kamera, Lidwina. Alikuwa na namna ya kumtafuta kwa macho kati ya watu, na akishampata vidole vikatulia kwenye nyuzi kama mtu aliyefika kwake. Miaka miwili alimsindikiza mpaka njia panda ya Ruhuwiko, gitaa mgongoni, wakizungumza habari za kila kitu isipokuwa ile moja. Majirani waliizungumza kwa niaba yao.

Saa kumi bendi ilipumzika. Lidwina alikuwa amemaliza filamu, ameirudisha kwenye kopo lake, ameitoa. Alisimama nyuma ya bwalo, penye ukuta uliopakwa chokaa, anakunywa soda peke yake. Ndipo Chande, muuza mitumba wa sokoni, alipomjia na mkewe mpya, amemshika kiganja kama ameokota.

"Mpiga picha, tupige hapo kwenye ukuta mweupe."

"Filamu imeisha, kaka. Na leo maduka yamefungwa, wenyewe wako kwenye sikukuu."

"Aa, usituletee hayo. Umewapiga wote sisi ndio uishiwe? Moja tu. Mke wangu amesuka kwa ajili hiyo."

Lidwina alijaribu mara mbili. Chande hakuwa mtu wa kuambiwa hapana mbele ya mke wa miezi miwili. Basi Lidwina akafanya wanachofanya wapiga picha wote wa madansi wakibanwa: akainua kamera tupu, akawaambia wacheke, akafyatua. Flashi ikawaka vizuri. Chande akaridhika, akasema ataifuata picha yake zikirudi kutoka Dar.

Kwenye kazi yao, hiyo huitwa kupiga hewa. Mteja akija anaambiwa pole, ya kwako imeungua, na kwa kuwa hakuna anayelipia picha iliyoungua, hakuna aliyeibiwa. Ndani ya begi Lidwina alikuwa na filamu moja mpya, kwenye boksi lake, lakini hiyo ilikuwa ya picha za kaseti, na ahadi ya kazi ni ahadi.

"Sasa mimi sijui kama nitapata nafasi," ilisema sauti nyuma yake. "Naona leo unapiga watu wenye wake tu."

Hakuhitaji kugeuka. Aligeuka hata hivyo.

Muhsini alikuwa na jasho shingoni na kifurushi cha gazeti mkononi. "Idi mubarak, Mngoni."

"Idi njema, Myao. Umekula pilau au umekuja kunidai mimi?"

"Nimekuja kukudai." Alicheka, kisha kicheko kikakata mapema kuliko kawaida yake. "Lidwina, tukimaliza kupiga tunapakia, tunaondoka. Dereva anasema tukingoja kesho mvua itatufungia njia. Kwa hiyo nina muda huu tu, na nimejiandaa tangu juzi, usinikatize."

"Sikukatizi."

"Unakatiza hapo."

Lidwina akafunga mdomo. Akaiweka soda chini.

"Nimeongea na mama, kule kwetu Nakapanya," Muhsini alisema. "Nimemwambia kuna mtu Songea, mimi nikiwa mbali naye sili vizuri. Akaniuliza ni wa dini gani, nikamwambia. Akanyamaza siku nzima. Usiku akamfuata mjomba wangu, mjomba akamfuata shehe. Shehe akasema mwanamke wa Kitabu anaruhusiwa, na mtoto wako si wa kwanza. Asubuhi mama akaniambia, 'Mimi macho yangu ndiyo yanaoa. Niletee picha yake nimwone. Nikishamwona nitamtuma mshenga Songea, hata kama ni kwa kupita matopeni.'"

"Mama yako kasema hivyo?"

"Mama yangu. Na hataki ile ya paspoti nyeusi na nyeupe. Anasema kwenye zile kila mtu anaonekana marehemu. Anataka ya rangi, umesimama, aone miguu."

Lidwina akacheka bila kupenda. "Aone miguu ya nini?"

"Nitajuaje mimi? Labda anataka kujua kama utaweza kutembea mpaka kwenye mikorosho." Akafungua kifurushi. Ndani ilikuwa kanga, rangi ya zambarau na njano, bado ina harufu ya duka. "Na amekutumia hii uivae kwenye picha."

Lidwina aliikunjua. Maandishi yalisema: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Aliyasoma, akayasoma tena. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia njoo katika maisha yake yote, siyo kwa namna hiyo, siyo mzazi wa mtu.

"Muhsini, kwetu sisi..."

"Nilisema usinikatize. Nimekwenda pia kwa padri."

"Umekwenda wapi?"

"Kwa padri wa Hanga, mtawa mmoja mzee tuliyempa lifti na gari la bendi. Nikamwuliza, gitaa mapajani, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki. Akaniambia kuna ndoa ya mseto, askofu anatoa kibali, kila mtu anabaki na dini yake. Halafu akaniambia, 'Mwambie huyo rafiki yako apige gitaa taratibu, gari linaruka.' Alijua muda wote ni mimi." Muhsini alimtazama sasa bila kucheka hata kidogo. "Kwa hiyo kwa shehe nimepita, kwa padri nimepita, kwa mama nimepita. Imebaki kwako. Mimi sikuombi uniahidi kitu leo. Nakuomba picha. Ukikubali kupigwa, nitajua umekubali."

Hapo, msomaji wangu, kama ni mimi na wewe tungejibu mara moja. Lakini Lidwina alijitanda ile kanga kichwani na mabegani taratibu sana, kama mtu anayetafuta muda, na muda haukuwepo. Aliona ungo wa mama unapanda na kushuka. Aliona mwavuli wa baba mdogo sakafuni. Akaona na mambo mengine ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Simama kwenye ukuta," Muhsini alisema, amefurahi kama mtoto. "Nipe kamera. Nimekuona unavyofanya miaka miwili, nisipoweza leo basi mimi ni punda."

Akampa kamera, tupu hivyohivyo.

Begi lilikuwa miguuni pake, na boksi jipya lilikuwa mfukoni mwa begi, pa kuinama tu na kunyoosha mkono. Kuiweka filamu hakumchukui muda mrefu kuliko kufunga kamba ya kiatu. Alijua hivyo. Alisimama kwenye ukuta mweupe wa bwalo la Songea, kanga ya mama mkwe kichwani, na mdomo wake haukufunguka.

"Cheka kidogo. Siyo hivyo, hicho ni kicheko cha mteja. Nataka kile chako."

Akacheka chake. Alicheka kweli, kwa kuwa alimpenda. Flashi ikawaka.

"Tayari," Muhsini alisema, akashusha pumzi. "Ikirudi kutoka Dar kuoshwa, mpe dereva wa basi la Tunduru. Aiache kwa Salum, yule mwenye hoteli barabarani Nakapanya. Salum atampelekea mama mwenyewe. Mimi nikitoka Mtwara mwezi ujao nitakuta mshenga ameshakunywa chai kwenu."

Muhsini alikuwa mwangalifu na vitu vya watu, na hilo ndilo lililomponza. Alichomoa flashi jinsi alivyomwona Lidwina akiichomoa, akaivika kamera mfuko wake wa ngozi, akachuchumaa kuirudisha begini. Alipofungua mfuko wa pembeni apate mahali pa kuweka flashi, akaliona boksi.

Akalitoa. Lilikuwa bado limefungwa.

"Hii ni mpya," alisema. "Ile iliyomo kwenye kamera imebakiza ngapi?"

Lidwina angeweza kusema mbili, angeweza kusema tatu. Kwa Chande angesema kumi. Kwa Muhsini ulimi ulikataa.

"Haimo."

"Haimo nini?"

"Filamu. Hamna filamu ndani, Muhsini."

Alibaki amechuchumaa pale, boksi mkononi. Alikuwa anaijua kazi ya Lidwina kuliko mtu yeyote. Ni yeye aliyekuwa akicheka walevi wanapopigwa hewa, anaongeza pozi jukwaani makusudi ili nao wazidishe pozi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Umenipiga hewa," alisema polepole. "Mimi."

"Umepiga wewe."

"Usifanye hivyo. Usinijibu kwa ujanja leo." Akasimama. "Ulijua ninavyokupa ile kanga?"

"Nilijua."

"Ulijua ninavyokwambia cheka?"

"Muhsini, mama yangu ana mimi tu. Baba mdogo leo asubuhi amesema nikiolewa nawe nisimtafute. Mama alikuwa hapo, akanyamaza. Nitamwacha na nani? Nani atamchotea maji? Nitakaaje huko kwenu na mama yangu amebaki Ruhuwiko na paka?"

"Tungemchukua mama."

"Mama hawezi kutoka Songea, makaburi yake yote yako hapa."

"Basi ningekaa mimi Songea. Mbona hukuniuliza? Kuna bendi Mtwara, kuna bendi hapa, gitaa lina nyuzi sita popote." Alitikisa kichwa. "Hapana. Sio mama. Mimi nakufahamu, Lidwina, ukisema kweli unatazama mtu. Sasa hivi unatazama viatu vyangu. Sema."

Ndani walianza kujaribu maikrofoni. Lidwina akainua macho.

"Unajua Sharifa, mke wa mpiga tumba wenu, anakujaga kwangu?"

"Kufanya nini?"

"Kuangalia negativu. Anakuja asubuhi, mtoto mgongoni, anasema dada, niazime zile za dansi la Mbinga. Anaziinua dirishani moja moja kwenye mwanga, anatafuta mume wake kasimama na nani. Siyo yeye tu. Wake zenu wote wameshakaa kwenye kitanda changu na negativu mikononi. Wengine nawapa chai. Mmoja alinikuta sina sukari, akaniambia usijali, mimi mwenyewe sisikii ladha." Sauti ilianza kumkatika. "Miaka mitatu nawatazama. Sitaki kuja kuinua negativu dirishani, Muhsini. Nikianza hivyo nitakufa."

"Umewahi kuniona mimi kwenye hizo picha? Na mwanamke yeyote?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nimetafuta."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalizuia. Hasira ikamwondoka Muhsini usoni, na kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi ya hasira.

"Kwa hiyo umeshaanza," alisema. "Umeinua negativu zangu dirishani, hata hujawa mke wangu."

Lidwina akavua kanga, akaikunja, akamnyooshea.

"Rudisha kwa mama. Mwambie asante, mwambie nili..."

"Zawadi ya mzazi hairudishwi. Alikupa wewe, hakunipa mimi." Akaliweka boksi juu ya kanga, mikononi mwake, kwa upole. "Na hii weka kwenye kamera. Kiongozi anataka picha ya kaseti."

"Muhsini."

"Ungesema hapana tu, mpenzi. Ningelia, lakini ningekuwa nimeambiwa."

Akaingia ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi.

Lidwina aliweka filamu. Mikono iliijua kazi, ikaifanya bila yeye. Kiongozi wa bendi aliwapanga wanamuziki mbele ya spika, wafupi mbele, warefu nyuma, Muhsini kulia na gitaa. Wote walitazama lenzi isipokuwa mmoja, aliyekuwa anatazama nyuzi zake.

"Muhsini, hebu tazama kamera, bwana," kiongozi alisema. "Hii ni picha ya kaseti, si ya polisi."

Muhsini akainua uso, akatazama. Alitazama vizuri, ametulia, akatabasamu kadiri inavyotakiwa. Alimtazama Lidwina kama watu wote wanavyomtazama mpiga picha. Miaka miwili hakuwa amewahi kumtazama hivyo, na ilibidi Lidwina arudie mara tatu kwa sababu alikuwa hamwoni kwenye kioo cha kamera, macho yamejaa machozi.

Jua lilipoanza kushuka walipakia spika kwenye lori, wakafunika turubai. Muhsini aliketi nyuma na wenzake. Alimpungia mkono pamoja na wengine, adabu tu, jinsi mtu anavyowapungia wenyeji. Lori likakata kona ya barabara ya Tunduru, na Lidwina akabaki bwaloni na watu wanaofagia.

Alipofika Ruhuwiko taa ilikuwa imeshawashwa. Mama yake alikuwa amepika ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga, amefunika kwa sinia, anangoja. Akamtazama binti yake usoni, kisha akatazama kilichokuwa juu ya begi.

"Kanga nzuri. Nani amekupa?"

"Mteja."

"Mteja wa wapi anayetoa kanga ya mkwe?" Mama aliivuta kwenye mwanga wa taa, akasoma herufi mojamoja, maana shule yake ilikuwa ya kujisomea. Alipomaliza akaiweka mapajani. "Ni ya yule kijana."

"Ya mama yake."

"Sasa mbona umekuja na uso huo?"

Lidwina akaketi kwenye mkeka. Alitaka kusema amechoka. Badala yake akamweleza yote, picha ya kupeleka Nakapanya, shehe, padri, ukuta, hewa. Alieleza akiwa anatazama chini, na alipofika kwenye sababu, alitaja ile moja tu. "Nilimwambia siwezi kukuacha, mama. Nilimwambia wewe hutaki."

"Mimi?"

"Asubuhi baba mdogo alisema, ukanyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa haijaiva na mtu anapiga kelele nyumbani kwangu." Mama hakupandisha sauti. "Ulipotoka nikamwambia shemeji, hii ni nyumba ya marehemu mume wangu, posa ikija nitaipokea mimi. Akaondoka na hasira, hata mwavuli kausahau, ule pale. Lidwina, mimi nimesema lini kwamba simtaki yule kijana?"

"Hujasema kwamba unamtaka."

"Umeniuliza lini?"

Lidwina alifikiri. Alirudi nyuma mwezi baada ya mwezi, jioni zote walizoketi hapo wawili, chakula katikati. Walizungumza bei ya mbolea, wagonjwa wa jumuiya, bati linalovuja. Alitafuta jioni moja aliyouliza, akaikosa.

"Mimi nangoja miaka miwili," mama alisema. "Nasikia mnasimama njia panda, nasikia mnacheka, nasema leo ataingia aniambie. Unaingia, unasema shikamoo mama, unakula, unalala. Nikajua labda huna nia naye. Mtu hamlazimishi binti yake kusema. Lakini usinisingizie mimi. Ukitaka kujificha, tafuta ukuta mwingine."

Mama akafunua sinia, mvuke ukawa umeshaisha.

"Nikikuuliza sasa?" Lidwina alisema.

"Uliza."

Aliona haya, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kama binti wa komunyo ya kwanza. Akalamba midomo.

"Mama, niolewe na Muhsini?"

"Olewa," mama alisema, akamsogezea maji ya kunawa.

Ikawa basi. Lilikuwa neno moja tu, na mama alikuwa ameshageukia mboga. Lidwina aliitumbukiza mikono kwenye bakuli la maji, akashindwa kuitoa. Akalia hapohapo mbele ya chakula, kwa sauti, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo, na kwa kuwa mtu wa kupelekewa neno hilo alikuwa juu ya lori, kiza kimemkuta huko Hanga, anakwenda kupita Nakapanya kumwambia mama yake kwamba picha haipo.